Habari za Miguu ya Ketura

Cashton, Wisconsin
8 Februari 2004

Shangazi Savilla,

Theluji imefika kwenye vidirisha vya ghala na bado inaongezeka, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa na kukuandikia. Sisi wazima. Enos ana kikohozi, ila hakijamzuia kula. Natumaini huko Ohio mko hivyo hivyo.

Umeuliza habari za miguu ya Ketura, ukanionya nisikujibu "hajambo" kwa sababu hilo ni jibu la kumpa mpita njia. Basi nitakueleza.

Januari tulimkodi mzee Halvorsen na gari lake, akatupeleka kliniki. Safari ni ndefu na mzee anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Daktari wa mifupa alimlaza Ketura kitandani, akamkunja huku na huku, halafu akatukalisha. Alisema huu mtindio wa ubongo wenyewe hauendelei wala haurudi nyuma. Kilichoumia kichwani kabla hajazaliwa kimebaki pale pale. Tatizo ni kwamba mtoto anakua. Mifupa inarefuka, na misuli iliyokaza haitaki kuifuata. Ndiyo sababu mwaka huu anatembelea ncha za vidole zaidi kuliko mwaka jana, na magoti yanapishana kama mkasi. Akasema kama mpaka Juni visigino havitafika chini, atazikata kano za nyuma na kuzirefusha. Alilisema kwa upole kabisa, kama mshonaji anayekuambia atashusha pindo la gauni.

Daktari alipotoka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alibaki nasi. Anaitwa Karla Okerlund. Ni mrefu, hana haraka, na alikaa sakafuni na Ketura bila kujali sketi yake. Alituambia kano ikirefushwa kupita kiasi, mtoto anaweza kuja kutembea amekunja magoti maisha yake yote, na kano iliyokatwa hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo yeye angependa mikono ijaribu kabla ya kisu. Ametupa kazi ya nyumbani: mfuko wa ngano uliopashwa moto juu ya shavu la mguu, kisha kunyoosha polepole sana, kisha kumketisha amepanua miguu juu ya gogo la mviringo, kisha kumsimamisha kwenye fremu ya mbao ya kumshikilia, na kila siku apande mahali penye mwinuko. Usiku anavalishwa magango ya kushikilia miguu inyooke. "Mimi namwona baada ya muda mrefu," alisema, "wewe unamwona kila siku. Daktari ataamua kwa kipimo changu na kwa taarifa zako."

Mimi niandike taarifa, Shangazi. Mimi ambaye ulikuwa unanirudishia insha.

Ketura mwenyewe amesikia neno moja tu katika yote hayo, nalo ni Juni. Agosti anaanza shule. Ameshawatangazia watu wote kwamba ataenda kwa miguu, kupitia malisho ya shemasi Tobe, kama watoto wengine. Akikatwa Juni, Agosti atakuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye plasta ngumu, na shule atafikishwa akiwa amebebwa. Unamjua alivyo akibebwa. Anakuwa mzito makusudi.

Wako,
Malinda Yutzy


Mount Hope, Ohio
20 Februari 2004

Malinda mwanangu,

Barua yako nimeipata, na insha imeboreka. Mimi mzima. Kikohozi tunacho pia, kinapita nyumba kwa nyumba kama muuza brashi.

Nimesoma mara mbili pale uliposema "polepole sana", maana hukueleza ni polepole kiasi gani wala kwa nini. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa na mtoto wa kina Raber, miguu yake namna hiyo hiyo. Baba yake alikuwa anaivuta kila asubuhi kama anavuta waya wa uzio, na kila alivyovuta ndivyo ilivyokaza. Akasema mtoto anambishia. Yule mtoto hakuwa anabisha, alikuwa anapiga kelele. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa hiyo nieleze huyo Karla alivyokuonyesha, mimi ni mzee lakini bado napenda kujua.

Enos ametengeneza fremu? Na kama ameitengeneza, ameitengeneza kama anavyotengeneza kila kitu, mpaka mtu aone haya kuitumia?

Sikiliza. Kila ukiniandikia, niambie jambo ambalo Ketura amelifanya na hakuwahi kulifanya kabla. Jambo, si hali. Na usinitumie unyenyekevu. Ninao wa kutosha, umejaa kabatini mpaka mlango haufungi.

Shangazi yako,
Savilla


Cashton, Wisconsin
10 Machi 2004

Bi Karla,

Ulitaka taarifa, nayo ni hii. Tunafanya ulivyotuelekeza, ingawa wengine pengine wangefanya vizuri zaidi. Ketura hajambo. Miguu yake ni ile ile. Anaanguka zaidi kuliko wakati wa Krismasi, siku nyingine asubuhi yote ni kuanguka. Goti la kushoto limechubuka. Fremu aliyotengeneza mume wangu inatosha kwa kazi. Mtoto ni mkaidi, na tunalishughulikia hilo.

Tumechemsha utomvu mtamu wa miti mpaka ukawa mzito kama asali. Nitakuletea chupa ya sharubati tukija.

Malinda Yutzy


Cashton, Wisconsin
10 Machi 2004

Shangazi Savilla,

Nimetoka kumwandikia Bi Karla taarifa yake, na wino ungali mbichi, basi nakuandikia na wewe.

Polepole ni hivi. Ukiuvuta huu mguu kwa haraka, misuli inajikaza yenyewe kabla hujafika popote, wala mtoto hana habari. Ukienda taratibu, unafika mahali unasikia inakataa. Hapo husukumi. Unangoja. Nasimulia hadithi, au Enos anaimba kwa sauti yake mbaya, na baadaye kidogo unasikia mkononi imeachia. Ni kama siagi iliyotoka baridi. Ukiikandamiza kwenye mkate, mkate unapasuka. Ukiiacha karibu na jiko inajipaka yenyewe. Bi Karla anasema kunyoosha peke yake hakutoshi, kwa sababu misuli hii pamoja na kukaza kwake kote ni dhaifu, na ikilegea lazima ifundishwe kazi. Ndiyo maana ya fremu na ya kupanda.

Fremu, ndiyo. Ameitengeneza kwa mwaloni, kila kiungo kimeingia bila msumari, na sehemu za kushika mikono amezilainisha kama yai. Alipomaliza aliizunguka, akaguna, akaenda kuchukua rangi ya kijivu iliyobaki kwenye zizi la nguruwe, akaipaka yote. Alisema ilikuwa inapendeza mno.

Sasa jambo. Uliniambia jambo. Ketura ameachia meza.

Nilikuwa nakanda unga. Siku zote anatembea kwa kushika: meza, kiti, gauni langu. Juzi alisimama pale, akaitazama cherehani upande wa pili wa jiko, akaniambia, "Mama, usinishike wala usiseme kitu." Akaondoka. Alifika katikati akaanguka. Akainuka mwenyewe, akaondoka tena, akaanguka. Jioni alifika. Aliigonga cherehani kwa kiganja kama mtu anayebisha hodi, halafu akageuka akasema, "Sasa narudi."

Tangu siku hiyo ni kuanguka tu, maana ni kutembea tu. Na ule mteremko wa kupandishia nyasi ghalani anaupanda kila mchana kwa sababu paka amezaa juu huko. Akipanda, kisigino kinashuka. Nimekiona, Shangazi. Cha kulia kinagusa kabisa.

Hayo sikumwandikia Bi Karla. Ningeyaandikaje? Tazama mtoto wangu? Ataona mwenyewe tukienda.

Nimekwisha kusema zaidi ya inavyofaa. Ichome barua hii jikoni kwako.

Malinda


La Crosse, Wisconsin
31 Machi 2004

Bi Malinda,

Nimeona ni vizuri nikuandikie mapema kuliko kungoja ujumbe ukae kwenye kile kibanda cha simu mnachochangia na majirani.

Asanteni kwa kuja wiki iliyopita katika upepo ule. Najua gari la mzee Halvorsen liliharibika kipasha joto njiani, na kwamba Ketura alifika akitetemeka. Nilimpima mara mbili. Miguu yote miwili imekaza kama Januari, na wa kushoto pengine zaidi. Hakutaka kusimama bila kushikwa, na hakutaka kuzungumza nami. Nimeliweka hilo pamoja na taarifa yako kwamba anaanguka zaidi sasa kuliko wakati wa Krismasi.

Daktari ameyaangalia yote na anaona kazi ya nyumbani haijaleta tulichotarajia. Amepanga upasuaji tarehe 15 Juni. Nasikitika. Mimi nilitaka tofauti, na unalijua hilo. Tafadhali usidhani kuna kitu mlikosea. Kuna watoto ambao mikono haitoshi.

Endeleeni na mfuko wa ngano na magango mpaka wakati huo. Sharubati ni nzuri sana.

Karla Okerlund


Cashton, Wisconsin
11 Aprili 2004

Shangazi Savilla,

Ni Jumapili isiyo ya ibada, zamu yetu ni wiki ijayo, na nyumba imetulia. Nakuambia kwa kifupi, na humu nimeweka barua ya Bi Karla na nakala ya taarifa yangu. Ketura atakatwa Juni. Wamempima, wameona hajasogea, na taarifa yangu ilisema anaanguka, ambalo ni kweli.

Nilidhani nimeona kitu. Inaelekea mama anaona anachotaka kuona. Bi Karla amesoma, na alikuwa na kipimo mkononi, mimi nilikuwa na unga. Hatutabishana. Enos amesema vivyo hivyo, kisha akaenda ghalani kurekebisha kitu kisichohitaji kurekebishwa.

Nilimweleza Ketura jana wakati wa kunyoosha. Halafu akauliza, "Kisigino changu kimefanya nini?"

Nikamwambia hakijafanya kosa, ni daktari ndiye anajua.

Akasema, "Anajua kwamba mimi napanda ghalani?"

Niliendelea kunyoosha. Mguu ulikuwa laini mkononi mwangu, Shangazi, na hilo ndilo linalonisumbua.

Usifanye lolote. Nakujua.

Malinda


Mount Hope, Ohio
19 Aprili 2004

Kwa Bi Karla Okerlund,

Hunijui. Mimi ni Savilla Gingerich, shangazi wa Malinda Yutzy. Nimefundisha shule ya darasa moja miaka mingi, sina mume, na jioni zangu ni ndefu. Nakuandikia kuhusu Ketura. Malinda hana habari, na akijua atanyamaza nami mpaka wakati wa mahindi.

Sina nia ya kukufundisha kazi yako. Nataka kukupa kitu ambacho hukuweza kukipata kwetu, nacho ni habari kamili.

Bi Karla, sisi wa kanisa letu tunalelewa hivi: aibu ya nyumba yako unaruhusiwa kuisema mbele za watu, uzuri wake hauruhusiwi. Mkate ukiungua, mama mwenye nyumba atautangaza kabla hujaketi. Mkate ukiumuka vizuri, atasema unga wa mwaka huu una nguvu. Nimewasikiliza wazazi wa watoto wenye akili kali wakiniambia, "Huyu hatakusumbua sana." Nimezoea, nilikuwa najazia mwenyewe. Wewe ulipopewa taarifa ya Malinda uliisoma kama ilivyoandikwa. Mtu mwaminifu yeyote angefanya hivyo.

Amekuambia Ketura anaanguka zaidi kuliko Krismasi. Ni kweli. Krismasi alikuwa haanguki kwa sababu alikuwa hajawahi kuachia meza. Sasa anavuka jiko lote peke yake, hana kitu mkononi, na anapoanguka anainuka mwenyewe na kuanza tena. Amekuambia fremu inatosha kwa kazi. Imejengwa vizuri kiasi kwamba baba yake aliipaka rangi ya zizi ili asije akashitakiwa kanisani kwa majivuno. Amekuambia mtoto ni mkaidi na wanalishughulikia. Wanalishughulikia kwa kumwacha apande mteremko wa ghala kila mchana, kwa sababu huko juu kuna paka wachanga, na akipanda kisigino cha kulia kinafika chini. Mama yake amekiona. Hakukuambia kwa sababu kingekuwa kisigino kizuri, na ni cha mtoto wake.

Mlipompima alikuwa ametoka safari ndefu bila joto, na mtoto huyu anaogopa watu wenye koti jeupe tangu alipozaliwa, maana hao ndio wa kwanza kumwona. Wewe ndiye unayejua baridi na hofu vinaifanya nini misuli ya namna hii. Mimi nilimwona mtoto wa namna hiyo miaka mingi kila siku ya mtihani, akawa mgumu kama benchi.

Ninachoomba ni kimoja. Kabla ya Juni, nenda ukampime jikoni kwa mama yake, karibu na jiko, baada ya mfuko wa ngano. Kama kipimo kitasema kisu, basi ni kisu, nami nitawaandikia wewe na Malinda kwamba mimi ni mzee mwenye kidomodomo.

Utajiuliza kama mimi sikulelewa hivyo hivyo. Nimelelewa. Lakini kinachokatazwa ni kujisifia kilicho chako. Ketura si wangu, ni mjukuu wa kaka yangu. Nimezipitia kanuni zetu zote na sijaona inayonizuia kumjivunia mjukuu wa mtu mwingine.

Wako kwa heshima,
Savilla Gingerich


La Crosse, Wisconsin
26 Aprili 2004

Bi Savilla,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Nilimuuliza Malinda kama mtoto anaanguka. Sikumuuliza alikuwa anafanya nini alipoanguka. Hilo ni kosa langu, si lenu.

Nitakwenda Cashton Jumamosi ijayo. Siwezi kukuahidi matokeo. Kuna watoto wanaotembea vizuri zaidi na bado wanahitaji upasuaji, na kama Ketura ni mmoja wao nitasema. Nitapima kwa haki, ndilo tu ninaloweza.

Karla Okerlund


Cashton, Wisconsin
9 Mei 2004

Shangazi,

Nilikuambia usifanye lolote. Niliandika kabisa, chini ya barua, mahali ambapo hata mtu anayesoma harakaharaka angeona.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikiwa naanika nguo, gari liliingia uani, akashuka Bi Karla bila koti jeupe, na mfuko begani. Nilidhani kuna msiba. Akasema, "Shangazi yako ameniandikia." Nilishika kamba ya nguo. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alinishikia kikapu. Umenitia aibu ambayo sikuwahi kuivaa. Mtu amesoma maneno yako ya sifa juu ya nyumba yangu, kisha amekuja kuikagua, na sakafu ilikuwa haijafagiliwa.

Hayo nimeyasema, sasa nitaendelea.

Aliketi sakafuni karibu na jiko kama siku ile. Hakupima kitu kwa muda mrefu. Alimwacha Ketura amwonyeshe paka, ambaye sasa analetwa ndani kinyume na amri. Kisha nikaweka mfuko wa ngano, nikanyoosha kama kawaida, yeye akitazama mikono yangu. Halafu akaomba mguu. Kwanza aliusogeza polepole, na mguu wa kulia ulikuja mpaka ukapita usawa. Akaurudia. Kisha akausogeza kwa haraka, ukashika, lakini alisema umeshika mbali sana na pale uliposhika Januari. Wa kushoto bado una ubishi, ila hata huo umesogea. Alikuwa anaandika namba na haongei.

Mwishoni akamwambia Ketura, "Nimesikia unaanguka sana. Nionyeshe unavyoanguka."

Ketura akamtazama kama anavyotazama watu wazima wasio na akili. "Mimi sianguki kwa kuonyesha," alisema. "Lazima nitembee kwanza."

"Basi tembea."

Akatembea. Jiko lote, kutoka mlangoni mpaka cherehani, na siku hiyo mkaidi yule hakuanguka hata kidogo. Alipofika alisema, "Samahani, leo sikuweza."

Bi Karla aligeuka akatazama dirishani. Huko nje hakuna kitu isipokuwa tangi la maji. Alipogeuka tena alikuwa amerudi kawaida, akaniuliza, "Malinda, unasemaje juu ya mtoto huyu?"

Nikasema si mbaya.

Shangazi, alicheka mpaka akashika jiko, na Enos aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi muda wote huo akaanza kucheka pia, na mimi nikacheka, na Ketura akataka kujua nini kinachekesha, hakuna aliyeweza kumwambia.

Barua ya daktari imefika jana. Hakuna kisu Juni. Badala yake mguu wa kushoto utafungwa plasta ukiwa umenyooshwa kidogo, ifunguliwe, unyooshwe tena, ifungwe nyingine, mpaka ufike ulipofika mwenzake, na atakuwa anatembea ndani yake. Baadaye atavaa vishikizo vya plastiki ndani ya viatu. Bi Karla amesema hakuna kisu mwaka huu. Hakusema hakitakuwapo kamwe, na mimi sikumwomba aseme.

Ametoa sharti. Taarifa zangu lazima zianze na jambo ambalo mtoto ameliweza, na liandikwe kama lilivyo. Nilimwambia ni vigumu. Akasema kunyoosha pia kulikuwa kugumu, na tulianza polepole.

Bado nimekasirika.

Malinda


Mount Hope, Ohio
17 Mei 2004

Malinda mwanangu,

Kasirika unavyotaka, una haki. Sitakuomba msamaha kwa sababu nitakuwa nadanganya, na uongo ni dhambi kubwa kuliko kidomodomo.

Nimesoma ile ya "leo sikuweza" mbele ya wanawake wanaoshona blanketi la vipande kwa kina Raber. Niliwaambia ni habari za mtoto fulani wa mbali. Mama Raber aliomba nisome tena, na mwanawe yule, aliyekuwa mtoto wangu darasani, sasa ana ndevu na anatembelea mkongojo, alikuwa amekuja kumchukua. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Alisema, "Mwambie huyo mama wa mbali aendelee kungoja hapo inapokataa."

Basi nimekuambia.

Savilla


Cashton, Wisconsin
19 Septemba 2004

Shangazi Savilla,

Nyanya zimekwisha kusindikwa na mikono yangu imekuwa na rangi isiyotoka. Sisi sote wazima.

Shule imefunguliwa. Asubuhi ile Ketura alivaa vishikizo vyake na viatu vikubwa vya kuvifunika, akachukua kikopo cha chakula, akaniambia nisimfuate kwa sababu mtu mkubwa haendi shule na mama yake. Sikumfuata. Nilikwenda uzioni na kikapu kuchuma peasi. Peasi zilikuwa bado mbichi.

Alikata malisho ya Tobe kwa mwendo wake, nyuma ya watoto wengine, halafu katikati yao, kwa sababu walipunguza mwendo na kujifanya wanaangalia mashimo ya panya. Karibu na lango aliingia shimoni akaanguka kifudifudi. Nilishika ubao wa uzio. Mmoja alinyoosha mkono, na nikasikia sauti ya Ketura mpaka kule nilipokuwa: "Toka, unanizibia njia." Akainuka, akaokota kikopo chake, akapita lango. Akaingia mlangoni kwa miguu yake. Nilikaa chini kwenye majani na peasi zangu mbichi.

Sasa jambo ambalo hukuliomba. Wiki mbili baadaye shemasi Tobe alikuja nyumbani jioni. Alikaa, akauliza habari za mahindi, akauliza habari za ng'ombe, kwa hiyo nilijua amekuja kwa kazi. Mwishowe alisema imesemwa kwamba nyumba hii inaandika sifa za mtoto na kuzipeleka mjini kwa watu wa nje, na kwamba kwenye kushona na wanawake wa hapa nilisikika nikisema Ketura anatembea vizuri. Aliuliza kama ni kweli.

Nikasema ni kweli. Nikasema mtaalamu ameomba, na kwamba nilipoficha karibu mtoto akatwe.

Akafikiri. Tobe akifikiri, kiti kinalia. Enos alitazama viatu vyake. Ndipo Ketura akatoka chumbani na nguo za kulalia, na vishikizo vyake ambavyo kwa kweli alitakiwa awe amevivua, akavuka jiko mpaka kwenye kiti cha Tobe, akamwuliza kama amekuja kuhusu lile shimo kwenye malisho yake, kwa sababu ni hatari, mtu anaweza kuanguka.

Tobe akasema, "Hm." Akamwomba arudi alikotoka na aje tena. Alikuja tena. Tobe aliinama kwenye kiti, mikono magotini, akitazama sakafu tu, pale miguu inapotua, kama anavyomkagua farasi kabla ya kumnunua. Akasema "Hm" ya pili. Akavaa kofia yake, akatutakia usiku mwema, na kesho yake lile shimo lilikuwa limefukiwa.

Leo ibada ilikuwa nyumbani kwa kina Borntrager. Baada ya ibada nilikuwa napita na birika la kahawa meza ya wanaume, na nikamsikia Tobe, ndevu zikiwa na siagi ya karanga, akiwaambia wageni waliotoka Iowa. "Kisigino kinatangulia," alisema, na akakionyesha kwa kiganja chake juu ya meza, polepole, sehemu ya nyuma kwanza kisha vidole. "Kisigino, halafu vidole. Tazameni mtakapotoka. Hakuna mtoto wilaya nzima hii anayekanyaga kwa uangalifu namna ile." Wale wa Iowa wakaitikia kwa vichwa. Kisha mmoja wao akaniona nimesimama pale, akauliza kama mimi ndiye mama.

Nilipaswa kutazama sakafu, Shangazi, na kusema anajitahidi kama wengine.

Nilimtazama usoni. Nikasema, "Ndiyo, ni wangu, na anavyosema Tobe ndivyo ilivyo." Kisha nikawajazia vikombe.

Wako,
Malinda